Kutoka London hadi Mtaa wa Lumumba

Mwaka 1958 Julius Nyerere alisimama kizimbani Dar es Salaam kujibu shtaka la kashfa. Gazeti dogo la chama chake, Sauti ya TANU, lilikuwa limewashambulia wakuu wa wilaya wawili Wazungu kwa jinsi walivyowatendea wananchi, na serikali ya kikoloni ikaona hapo ndipo pa kumnasa. Hakimu alimtia hatiani na kumpa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Hayo yamesimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni safu ya watetezi wake. Aliyeongoza utetezi alikuwa D.N. Pritt, wakili Mwingereza aliyeletwa kutoka London. Waliomsaidia walikuwa Mahmud Rattansey na K.L. Jhaveri, mawakili wa Dar es Salaam wenye asili ya Kiasia. Kiongozi wa Waafrika wa Tanganyika, akishtakiwa nchini mwake kwa maandishi ya chama cha Waafrika, hakuwa na wakili Mwafrika hata mmoja mezani kwake.

Wala si kwamba aliwapuuza. Hawakuwapo wa kuwachagua. Hata Uhuru ulipofika miaka mitatu baadaye, Watanganyika Waafrika waliosomea sheria walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sababu haikuwa uhaba wa vichwa. Nchi hii ilikuwa na wazee waliokesha barazani wakiamua mashauri ya mipaka, mahari na mifugo, wakikumbuka hukumu za vizazi vitatu nyuma bila kufungua kitabu. Pwani ilikuwa na makadhi waliobobea katika fiqhi. Nje ya kila boma kulikuwa na waandishi wa barua waliojua kupanga malalamiko ya mtu yakasomeka na mkuu wa wilaya. Kilichokosekana ni njia ya kutoka hapo hadi kwenye joho, na njia hiyo ilikosekana kwa makusudi.

Tuitazame njia yenyewe. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni hapakuwa na chuo kilichotoa shahada ya sheria. Makerere ilifundisha waganga, walimu na maofisa wa kilimo, lakini si mawakili. Aliyetaka kuandikwa katika daftari la mawakili Nairobi au Dar es Salaam ilimpasa awe amekwisha kufuzu kwingine, na hasa Uingereza. Huko nako ilimbidi kujiunga na moja ya nyumba nne za kale za mawakili jijini London: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Mitihani ilikuwapo, lakini pamoja na mitihani kulikuwa na sharti la kula. Ndiyo, kula. Mwanafunzi alitakiwa kutimiza mihula kumi na miwili, yaani miaka mitatu hivi, na muhula ulihesabika kwa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa nyumba yake, amevaa joho, ameketi kwenye meza ndefu na wenzake. Usipokula, muhula haukuhesabiwa. Kwa mtoto wa jaji wa Kiingereza hilo lilikuwa jambo la kufurahisha. Kwa kijana wa Rungwe au Gem lilimaanisha nauli ya meli, kodi ya chumba London, koti la baridi na ada, miaka mitatu mfululizo, kabla hajaingiza senti.

Nani angelipa? Familia nyingi za Kiasia zenye maduka zilijibana zikawapeleka vijana wao, na ndiyo maana mawakili wengi wa miji yetu, ukiwatoa Wazungu, walikuwa Waasia. Mwafrika alitegemea ufadhili wa serikali, na serikali haikutaka kulipia sheria. Ilikuwa imetazama Afrika Magharibi ikaogopa. Christopher Sapara Williams wa Lagos alikuwa amefuzu uwakili tangu 1879, na Gold Coast ilimpata John Mensah Sarbah mwaka 1887. Hao na waliowafuata ndio walioandika maombi, wakaanzisha magazeti na kumsumbua gavana kwa lugha yake mwenyewe. Watawala wa Nairobi na Dar es Salaam hawakutaka kuzalisha watu wa namna hiyo. Mfadhili alikubali kijana akasome ualimu au ustawi wa jamii. Sheria ilihesabiwa kuwa ni siasa iliyovaa tai.

Na hata angepatikana wakili Mwafrika, mahakama ambazo ndugu zake walishtakiwa kila siku, zile za wenyeji, hazikuruhusu wakili kusimama. Mwananchi alijitetea mwenyewe mbele ya chifu ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo aliyemkamata.

Kwa hiyo mawakili weusi wa kwanza waliotajwa sana Tanganyika hawakutoka Tanganyika. Walitoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji wa Moshi ulikuwa na wawili: Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, na Dudley Thompson wa Jamaica, aliyekuwa mwanajeshi wa anga katika Vita Kuu ya Pili kisha akasoma Oxford. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, ni Seaton aliyewasaidia kufikisha malalamiko Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, alisimama New York akasema mbele ya mataifa kilichowapata watu wake. Wameru hawakurudishiwa ardhi papo hapo. Lakini mkulima wa mlimani kuonekana New York, na karatasi zake zikiwa zimepangwa na wakili mweusi, ni jambo ambalo watu wa kaskazini hawakulisahau.

Kenya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake watano wakapelekwa kushtakiwa Kapenguria, mbali na reli, mbali na waandishi wa habari. Mawakili wao walikusanywa kutoka pande zote za dunia: Pritt yule yule kutoka London, Diwan Chaman Lall kutoka India, H.O. Davies kutoka Nigeria, Thompson kutoka Moshi, pamoja na Wakenya wenye asili ya Kiasia, Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Ilikuwa safu ya kupendeza, lakini pia ilikuwa ushahidi wa aibu. Nchi yenye mamilioni ya Waafrika ilibidi iazime watetezi.

Mkenya Mwafrika wa kwanza kufungua ofisi ya uwakili alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Huyu ni Chiedo More Gem Argwings-Kodhek, mtu wa Gem, aliyekuwa amesomea ualimu Makerere. Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza. Ufadhili ule haukuwa wa sheria, ulikuwa wa ustawi wa jamii. Alipofika huko akageuza usukani akasoma sheria, na mwaka 1951 akafuzu kuwa wakili. Mimi humwona hapo kuliko mahali pengine popote: mwalimu wa miaka ishirini na kitu, katika nchi ya baridi, akiamua kwamba walichomlipia si alichokijia.

Aliporudi Nairobi mwaka 1952 alikuta nafasi serikalini, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye sifa zile zile. Akaikataa, akafungua ofisi yake. Alikuwa pia amerudi na mke mweupe, Mavis Tate, Mwairishi, jambo ambalo katika Nairobi ya ubaguzi liliwachoma watu kuliko shahada yake. Kisha zikamjia kesi ambazo wengi hawakuzitaka. Mahakama maalumu za hali ya hatari zilikuwa zikisikiliza kesi za uasi wa Mau Mau kwa haraka ya kutisha, na adhabu ya kifo ilitolewa hata kwa kukutwa na risasi mfukoni. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kabla mambo hayajatulia. Kodhek alisimama na washtakiwa hao kesi baada ya kesi, hata walowezi wakamwita wakili wa Mau Mau. Walikusudia tusi. Hesabu yake si ngumu: kama wakili mmoja tu Mwafrika aliweza kubeba kiasi kile, wangekuwapo hamsini hali ingekuwaje? Serikali ilikuwa imeshajiuliza swali hilo zamani, ndiyo maana hawakuwapo hamsini.

Mwaka 1955 alianzisha chama cha siasa. Serikali ilikataa jina la kitaifa ikamlazimisha akiite cha Wilaya ya Nairobi tu. Mwaka 1957 aligombea Baraza la Kutunga Sheria akashindwa na kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, ambaye hakuwa na shahada ya sheria wala ya kitu kingine. Kodhek alifariki Januari 1969 akiwa waziri, na barabara ya Hurlingham ikapewa jina lake. Leo wengi wanaopita pale kuelekea hospitali hawajui alikuwa nani.

Wa pili kukumbukwa ni Charles Njonjo, aliyefuzu Gray's Inn mwaka 1954 na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Kenya. Yeye alikuwa mwana wa chifu mkubwa wa serikali, Josiah Njonjo, na alipita Alliance, Budo, Fort Hare, Exeter na London School of Economics. Sisemi hivyo kumpunguzia akili. Nasema kwamba katika mpango ule, Mwafrika alifika kwenye joho ama kwa jina la baba yake au kwa kuwazidi ujanja wafadhili wake. Njia ya tatu haikuwapo.

Njia ya tatu ilifunguliwa mwaka 1961, na ilifunguliwa kwa haraka kwa sababu Uhuru ulikuwa mlangoni. Uingereza ilikuwa imeunda kamati chini ya jaji Lord Denning kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na ripoti yake ikatoka Januari 1961. Ilisema waziwazi mambo ambayo kila aliyepita London aliyajua. Kijana alifundishwa kuhamisha umiliki wa nyumba za Uingereza, akarudi kwao bila kujua lolote kuhusu ardhi ya ukoo. Alifunzwa kazi ya mahakamani peke yake, wakati wakili wa Afrika Mashariki hufanya yote, kuanzia kuandika mkataba hadi kusimama mbele ya jaji. Kamati ikapendekeza shahada ya sheria itolewe Dar es Salaam, na mafunzo ya vitendo yapatikane huku huku.

Dar es Salaam haikuwa na chuo kikuu. Haikuwa hata na jengo. TANU ikatoa jengo lake katika mtaa tunaouita leo Lumumba, na tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki kikafunguliwa chini ya mkuu wake wa kwanza, Mkanada Cranford Pratt. Kilikuwa na kitivo kimoja, sheria. Kilikuwa na wanafunzi 14.

Fikiria mahali penyewe. Madarasa yako juu ya mtaa wa Kariakoo, chini wanapita wachuuzi na mikokoteni, na ndani wahadhiri wageni, wakiongozwa na mkuu wa kitivo A.B. Weston, wanafundisha sheria ya katiba ya nchi ambazo katiba zake bado zinaandikwa. Vitabu vya kiada vya Afrika Mashariki vilikuwa haba sana. Shahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha London, lakini mtaala uliacha nafasi kwa mambo ya huku, na kijana William Twining, aliyekuwa mmoja wa wahadhiri hao, baadaye alikuja kuwa mwanazuoni mkubwa wa sheria duniani kwa mambo aliyoanza kuyawaza pale. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, mahali ambapo watu wote wanapaita Mlimani.

Kwa nini sheria iwe ya kwanza, kabla ya udaktari na uhandisi? Naamini jibu liko katika ile kesi ya 1958 na nyingine kama hizo. Viongozi wale walikuwa wamekaa kizimbani, na walijua maana ya kutegemea wakili wa kuazima. Isitoshe, hata Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Tanganyika huru, Roland Brown, alikuwa Mwingereza. Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, Mark Bomani, aliingia mwaka 1965.

Ada ililipwa na serikali, na hapo ndipo penye siri ya mapinduzi yale. Mtoto wa mkulima hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Aliulizwa matokeo yake. Nyerere hakuficha kwamba gharama ile ilibebwa na wakulima, na wanafunzi walipoandamana Oktoba 1966 kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza zaidi ya 300, mkali kuliko mzazi. Wengi walirudishwa baadaye. Katika miaka hiyo kitivo kilipokea vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania bila kubagua, maana kilikuwa cha nchi zote tatu chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Orodha ya waliopita pale inafanana na orodha ya serikali na mahakama za baadaye: Joseph Warioba, Issa Shivji, Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011.

Na wanawake. Julie Manning, mmoja wa wanawake wa kwanza kusoma sheria pale, akawa mwanamke wa kwanza Tanzania kuwa jaji, kisha Waziri wa Sheria mwaka 1975. Effie Owuor alimaliza Dar es Salaam mwaka 1967 akarudi Kenya, na karibu kila ofisi aliyoingia alikuwa mwanamke wa kwanza: wakili wa serikali, hakimu, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 jaji wa Mahakama Kuu. Hakuna kati yao ambaye London ingempokea kwa urahisi ule. Wazazi wa miaka ya 1950 waliouza shamba kumpeleka mtoto ng'ambo, waliliuza kwa ajili ya mtoto wa kiume.

Nairobi ilipata Shule ya Sheria ya Kenya mwaka 1963, iliyofundisha uwakili kwa vitendo, na kitivo chake cha sheria mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika. Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Martha Koome, mmoja wa watoto 18 wa mkulima wa Meru ya Kenya, alipata shahada yake Nairobi mwaka 1986, na mwaka 2021 akaapishwa Jaji Mkuu. Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, aliyekulia katika nchi ambako watoto kama yeye walifichwa ndani, aliingia Mahakama Kuu mwaka 2011 na Mahakama ya Rufani miaka kumi baadaye. Tanzania ilikuwa na Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, mhadhiri wa sheria aliyeteuliwa naibu waziri mwaka 2015.

Zilijengwa pia njia za pembeni, ambazo wanahistoria huzipita haraka mno. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwapa polisi, walimu na makarani wa mahakama nafasi ya kusoma sheria usiku baada ya kazi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kimetoa vyeti na stashahada za sheria tangu 2001. Kijana aliyekosa alama za kidato cha sita hupanda milima ya Usambara, akashuka na stashahada, akapata ukarani, akaunganisha na shahada. Ni njia ndefu, lakini ukimwuliza karani yeyote wa mahakama ya mwanzo kama anamjua wakili aliyeanzia kwenye meza kama yake, atakutajia.

Basi, kazi imekwisha? Ukitazama daftari la mawakili Tanzania Bara utadhani hivyo. Limepita majina 10,000. Lakini tangu 2008 shahada peke yake haitoshi. Lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na iliyoko Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Aliyemaliza shahada Mwanza au Iringa anafunga safari, anatafuta chumba, analipa ada nyingine, halafu anakwenda mafunzo kazini ambako mara nyingi halipwi. Rangi haimzuii mtu tena. Kinachomzuia sasa ni kodi ya chumba Sinza.

Oktoba 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliishtua nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu, yaani waliotakiwa kurudia mitihani, walikuwa 342, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Waziri aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukawaka: wengine wakalaumu vyuo vikuu, wengine taasisi, wengine vijana wenyewe. Lugha haikutajwa kwa uzito unaostahili. Mwaka 2021 Bunge lilikuwa limekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, lakini shahada ya sheria bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya kata anatahiniwa kwa lugha aliyoisikia darasani tu, ili akafanye kazi katika lugha anayoijua tangu kuzaliwa. Kenya nayo imebishana mahakamani miaka mingi kuhusu nani aingie Shule ya Sheria, na waliokuwa wakigomewa ni wale wale waliopanda ngazi kutoka cheti hadi stashahada hadi shahada, kwa sababu alama zao za kidato cha nne hazikutosha.

Mikopo ya serikali sasa imeanza kuwafikia wanafunzi wa mafunzo ya uwakili, na hilo ni jema. Lakini mwaka 1961 hatukuwaambia vijana wakope wafike London. Tulikileta chuo kwao, tukawalipia. Taasisi ifungue matawi Mwanza, Mbeya na Arusha. Mawakili wanaopokea wanagenzi wawalipe hata nauli na chakula. Na kila matokeo yanapotangazwa, yatolewe pamoja na hesabu ya mikoa na shule walikotoka waliofaulu na waliodisko, tujue ni nani hasa tunayemwacha nje.